Lori la Bi Zaituni na Fimbo ya Kupimia Dizeli

Katika gereji yetu ya Chang'ombe, hapa Dodoma, fundi akiondoka bila kufukuzwa na bila kugombana na mtu, tunasema amestaafu. Umri hauangaliwi. Mimi nilistaafu mwezi uliopita, na mama yangu bado ananiita mtoto. Wenzangu walininunulia soda na keki, wakanitaka niseme maneno mawili matatu. Nikasimama, nikasema, "Asanteni," nikakaa. Wakacheka mpaka wakafuta machozi, kwa sababu hotuba ndefu kuliko hiyo hawajawahi kuisikia kutoka kwangu.

Ndipo Mzee Ndahani, fundi wetu mkuu, akaniambia, "Yona, kama mdomo hautaki, mkono je? Nenda ukawaandikie hawa wadogo zako mambo ya kazi. Mimi nikisema wanadhani nazeeka."

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki, hasa mlioingia mwaka huu. Shule niliishia darasa la saba na mkono wangu hauna haraka. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa kushusha gia boksi na kuirudisha. Msinicheke. Gia boksi nazo nilizifunga polepole, lakini hazikurudi.

Siku ya kwanza nilifika na shati la kanisani, kwa sababu mama alisema mtu haendi kuomba kazi kama aliyetoka kukamua mbuzi. Mzee Ndahani alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikasema shikamoo. Miguu haikujibu. Nikasimama pale pembeni ya tairi nikisubiri, jua likapanda, wenye njaa wakaenda kula wakarudi. Mwishowe akatoka kutafuta spana, akanikuta.

"Wewe kijana, umesimama hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mzee."

"Mbona hujanisalimia?"

"Nilikusalimia."

Akanitazama kuanzia shati mpaka viatu. "Basi rudia, na safari hii unisalimie mimi, siyo tairi."

Nikarudia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama naweza kushika taa bila kutingishika. Nikasema naweza. Huo ndio ukawa mtihani wangu wa kazi, na nadhani ndio mtihani pekee ambao aibu ilinisaidia kufaulu, maana mtu mwenye aibu anajua kusimama bila kutingishika. Wenzangu waliosikia mazungumzo yale wakanipa jina siku hiyo hiyo: Redio. Wateja wageni walikuwa wanadhani natengeneza redio. Wengine waliniletea simu zao zilizoingia maji.

Mzee Ndahani alikuwa na mambo yake, na ninyi mnayaona kila siku, lakini huenda hamjayauliza. Kabla hajagusa lori lolote anagonga boneti kwa vidole na kusema, "Mbukwa," kama anavyosalimia mtu kwao Ugogoni. Niliwahi kumuuliza kama lori huwa linaitikia. Akasema, "Likiitikia nitahama mimi." Halafu ana ile bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Haifungui kitu. Anaweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho, anasikiliza. Mimi mwanzoni nilidhani ni mbwembwe. Siku aliponipa nikasikiliza mwenyewe, nikasikia noseli moja, kile kidude kinachopulizia dizeli ndani ya injini, inagonga tofauti na nyingine, wazi kabisa, kama mtu anayekohoa kanisani.

Jambo la tatu ni fimbo. Ile fimbo ya mti wa mkole iliyonyooka, yenye alama za kisu, inayoning'inia karibu na mlango. Sheria yake mnaijua: lori likiingia, kabla hujalegeza hata nati moja, fungua kifuniko cha tangi dereva akiwa anaona, tumbukiza fimbo, mwoneshe dizeli imefika alama gani. Lori likitoka, hivyo hivyo. Sheria hii iliwekwa kabla yangu, baada ya fundi mmoja kusingiziwa kwamba amenyonya mafuta ya mteja. Ugomvi ule ulifika mbali. Mzee Ndahani anasema, "Dizeli haina alama ya mwenyewe kama ng'ombe. Ikishatoka kwenye tangi ni ya kila mtu. Pimeni mbele ya macho."

Kwenu ninyi sheria hii ni nyepesi. Mnapaza sauti kutoka popote mlipo: "Dereva, njoo ushuhudie!" Kwangu ilikuwa ndiyo kazi nzito kuliko kushusha injini. Mimi nilikuwa namfuata dereva alipo, nasimama karibu naye na fimbo yangu kama mchungaji aliyepotelewa na kundi, mpaka anione mwenyewe. Madereva wengine wanaona haraka. Wengine hawaoni mpaka mtu awaambie, "Bwana, Redio anakuita."

Kuhusu injini ya dizeli inayozimika njiani bila sababu, somo lake ni fupi. Mzee Ndahani alinifundisha kwamba injini haizimiki kwa hasira. Ikizimika, kuna kitu imenyimwa. Anza na mafuta. Fuata njia yake kwa mkono, kutoka kwenye tangi, bomba, chujio, pampu, hadi noseli, kama unavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Usiruke hata unyayo mmoja kwa kujidai unajua alikokwenda. Mara nyingi utakuta chujio limejaa vumbi letu hili la Dodoma, au mpira umepasuka na pampu inavuta upepo badala ya mafuta. Niliwahi kukuta lori ambalo kifuniko chake cha tangi kilipotea na mwenyewe akaziba kwa gunzi la mahindi. Gunzi likamong'onyoka taratibu, likaingia ndani, likaziba bomba. Dereva akaniuliza kama anaweza kuweka gunzi jipya.

Lakini lori lililotutoa jasho ni la Bi Zaituni.

Bi Zaituni ni Mrangi wa Kondoa, ana duka la mafuta ya alizeti hapa Chang'ombe. Lori lile alilinunua na marehemu mumewe, na baada ya mume kufariki yeye mwenyewe ndiye anayesafiri nalo, anakaa kwenye kebini karibu na dirisha, kanga mbili, anakwenda vijijini kununua alizeti. Dereva wake ni Lukasi, Mgogo wa Zuzu. Wale wawili hawajawahi kumaliza safari bila kutaniana. Bi Zaituni anasema Lukasi anaendesha kama anayeswaga ng'ombe. Lukasi anasema Bi Zaituni anahesabu hata vumbi linaloingia kwenye lori lake.

Ni kweli kwamba mama yule ana macho. Tangi lake lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Lukasi hakuwa na ruhusa ya kufungua tangi bila yeye. Wakifika kituo cha mafuta, mama anashuka, anafungua, anasimama hapo hapo mpaka wamalize kujaza, anafunga, ufunguo unarudi kwenye pindo. Lukasi hakuchukia. Alisema kufuli lile linamlinda yeye pia, maana hakuna wa kumsingizia.

Ugonjwa wa lori ulikuwa huu. Linatoka vizuri, linakwenda mwendo mrefu, halafu linaanza kukosa nguvu kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu, na linazimika. Lukasi anashuka, anafungua chujio, anapampu kwa mkono, anahangaika, wanapumzika. Baada ya muda linawaka. Linakwenda kidogo, linazimika tena. Na jambo la ajabu, wakijaza tangi mpaka juu ndiyo linazimika mapema zaidi. Tukasema dizeli ya kituo kile imechanganywa na mafuta ya taa. Wakabadilisha kituo. Likazimika vile vile.

Wakalileta gerejini. Tukapima dizeli kwa fimbo, Lukasi akashuhudia, tukabadilisha chujio, tukaenda kulijaribu barabara ya Zuzu, kwenda na kurudi. Halikuzimika hata mara moja! Wakaondoka, likazimika huko mbali. Wakarudi, tukapima, tukabadilisha mipira yote ya dizeli, tukajaribu. Halikuzimika. Likazimika tena huko huko. Tukashusha pampu, tukaipeleka kwa wanaorekebisha pampu, ikarudi inang'aa. Tukaosha tangi ndani. Tuliona ubavu wa tangi umebonyea kidogo, Mzee Ndahani akauliza, Lukasi akasema labda ni jiwe. Kila tulipojaribu sisi, lori lilikwenda kama bibi harusi. Kila lilipotoka mikononi mwetu, likatuaibisha.

Mafundi tukaanza kusema maneno ya kipumbavu. Mmoja alisema lori linatuogopa. Mwingine akasema kuna mtu huko vijijini hapendi biashara ya mama. Mzee Ndahani alikasirika, na yeye hakasiriki ovyo. "Mchawi gani anajua njia ya dizeli kuliko mimi?" akasema. "Kuna unyayo tumeuruka."

Halafu likatokea la Gulwe. Mnajua pale barabara inapokatiza reli. Lori lilikuwa limejaa magunia ya alizeti, na juu ya magunia walikaa wanakijiji wachache waliopewa lifti, wakiwemo akina mama wenye watoto. Magurudumu ya mbele yakapita reli. Ya nyuma yalipopanda juu ya reli, injini ikazimika. Lukasi akapiga stata, haikushika. Watu wakaruka chini wakipiga kelele, wakalisukuma lori kwa mabega, na wengine waliokuwa shambani wakaja mbio kusaidia. Likatoka. Treni haikuwa karibu, ilikuja baadaye sana, tena ya mizigo, inajikokota. Lakini Bi Zaituni aliiona ikipita pale pale lori lilipokuwa limesimama.

Walijikokota mpaka Dodoma, wakizimika na kusubiri, wakizimika na kusubiri. Waliingia gerejini alasiri. Lukasi alizima injini na kuruka chini, na kabla mguu wa pili haujagusa ardhi alikuwa ameshaanza kusimulia. Mafundi wote wakamzunguka, na wauza duka wa jirani wakaja. Lukasi akiwa na hadithi anaigiza kila mtu: anakuwa stata, anakuwa mama mwenye mtoto, anakuwa treni.

Bi Zaituni alishuka taratibu upande wa pili. Nikamwamkia, akaitikia. Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo wa tangi.

"Pima, mwanangu, mfanye taratibu zenu," akasema. "Ni mara ya mwisho. Jumamosi nimewaita watu wa vyuma chakavu, waje na mtungi wao wa gesi walikate."

"Mama," nikasema, nikalitazama lori.

"Sitaki mtu afe juu ya mali yangu. Mume wangu alilipenda lori hili. Lakini angeona nilichokiona leo angelikata yeye mwenyewe kwa meno." Akakaa juu ya tairi bovu, akatazama pembeni.

Mimi nikachukua fimbo, nikaenda kwa Lukasi. Alikuwa katikati ya hadithi, treni inakuja, mikono hewani, watu wameshika vichwa. Ningewezaje kumkatiza? Nikasimama nyuma ya watu na fimbo yangu. Nikasema, "Dereva." Hakuna aliyesikia. Nikasubiri treni ipite. Ikapita, lakini wakamwomba arudie kwa aliyechelewa kufika.

Hapo Mzee Ndahani akatoka ofisini. Alikuwa amesikia habari yote kupitia dirishani. Hakusalimia boneti siku hiyo. "Lukasi, nyamaza. Injini ina moto bado?"

"Ina moto, mzee."

"Basi hatufungui kitu. Kila siku tunalipokea, tunalipoza, tunalibembeleza, ndiyo maana linatudanganya. Leo naendesha mwenyewe likiwa na hasira zake zote. Yona, panda. Na wewe Lukasi."

"Na mimi," akasema Bi Zaituni kutoka kwenye tairi.

"Mama, pumzika tu."

"Nimepumzika kwenye reli inatosha. Sogeeni."

Tukabanana kebini, mimi nikiwa nimekunjwa kwenye kitanda cha nyuma na fimbo mkononi, kwa sababu sikujua niiweke wapi. Tukatoka Chang'ombe, tukashika njia ya Zuzu na magunia yetu. Mzee Ndahani alikuwa anasikiliza injini kwa mwili mzima. Tulikuwa hatujafika mbali, mji hata haujaisha vizuri, lori likaanza kizunguzungu. Likavuta, likalegea, likavuta. Likazimika. Tukateleza pembeni mpaka likasimama lenyewe.

Halafu Mzee Ndahani, mtu mzima, mzee wa kanisa, akapiga usukani kwa viganja viwili na kupaza sauti, "Limezimika! Limezimika!"

"Limezimika!" Lukasi naye akashangilia, wakashikana mikono kama timu yao imefunga goli.

Bi Zaituni aliwatazama mmoja mmoja. "Ninyi Wagogo mna nini? Lori langu limekufa mnafurahi?"

"Mama, halijawahi kuzimika mbele yangu hata siku moja," akasema Mzee Ndahani. "Leo limekubali kunionesha. Ngoja. Mtu asishuke. Mtu asiguse kitu." Akageuka. "Leo tumefanya nini ambacho siku zote hatufanyi?"

Lukasi akasema, "Umeendesha wewe."

"Nimeshaliendesha siku nyingi. Kingine?"

"Tumemchukua mama."

"Mama hakai kwenye bomba la dizeli. Kingine?"

Mimi nyuma pale nilikuwa na jibu. Lilikuwa mkononi mwangu, lina alama za kisu. Kama ningenyamaza, huenda angefikia mwenyewe, na huenda asingefikia, na Jumamosi ingefika na mtungi wake wa gesi. Nikamtazama Bi Zaituni. Alikuwa ameshika dashibodi ya lori lile kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa.

"Sijapima," nikasema.

"Unasemaje?"

"Leo sijapima dizeli. Lukasi alikuwa anasimulia. Niliona haya kumkatiza. Siku nyingine zote tunapima kwanza."

Nilitegemea kugombezwa. Mzee Ndahani hakunigombeza. Alinitazama, akatazama fimbo, akatazama ubavu wa lori kwenye kioo cha pembeni. "Tunapima," akasema polepole. "Na tukipima, tunafungua nini?"

Tulishuka wote kwa pamoja, nusura tukwame mlangoni. Ufunguo ulikuwa kwangu. Nikafungua kufuli. Kifuniko kilikuwa kimekaza hata nikadhani kimeshika kutu. Nikakizungusha kwa nguvu zote, na kilipolegea, tangi likavuta pumzi. Sijui niseme vipi. Lilivuta, fyuuuu, refu, kama mtu aliyezama akaibuka. Halafu ule ubavu uliobonyea ukaruka nje wenyewe, paa!, Bi Zaituni akasema "Subhanallah" na kurudi nyuma.

"Lukasi," akasema Mzee Ndahani, "nenda kawashe."

Likawaka kwa mguso wa kwanza.

Mzee Ndahani akachukua kifuniko mkononi mwangu, akakigeuza. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi cha mviringo, kimelowa dizeli, kama raba zote. Ndiyo maana hatukukitazama siku zote zile, wala tulipoosha tangi. Akakichokonoa kwa ukucha, akakinusa. "Hii siyo raba."

Lukasi alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yetu, hasimulii tena.

"Ni ngozi," akasema. "Raba ya kifuniko ilikatika. Dizeli ikawa inaruka nje kwenye mashimo, inalowanisha tangi. Nikaona mama akikuta imepungua, hata kufuli halitanitetea, atasema nanyonya. Nikakata kipande cha ngozi, nikakibandika kwenye kifuniko siku tunajaza mafuta, mama anatazama pampu ya kituo. Nyumbani ipo, ya ng'ombe wa baba."

"Ukaikata nzima? Hukutoboa tundu katikati?"

"Nitoboe tena? Nilitaka izibe, mzee."

"Imeziba!" akasema Mzee Ndahani, akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Akakaa kwenye majani ya barabarani akiwa ameshika kile kifuniko. Kwa ninyi mnaoanza: kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupitisha hewa. Dizeli ikitoka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ikizuiwa, tangi linakuwa kama chupa unayoinyonya bila kuachia mdomo. Pampu inavuta, inavuta, inashindwa. Injini inakufa. Ukiliacha, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka tena. Ukijaza mafuta mpaka juu, hewa ya kuanzia ni ndogo, linachoka mapema. Na ukifungua kifuniko kupima dizeli, umelitibu bila kujua, na safari ya Zuzu na kurudi haitoshi kulichosha upya.

Bi Zaituni alisikiliza maelezo hayo yote. Halafu akamgeukia Lukasi. "Kwa hiyo mimi nimeweka kufuli usinyonye. Wewe umeweka ngozi nisidhani unanyonya. Na hawa wanapima kwa fimbo wasisingiziwe wamenyonya."

"Ndiyo, mama."

"Dizeli ikalindwa mpaka injini yenyewe ikanyimwa."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mgogo na ng'ombe," akasema Bi Zaituni akitikisa kichwa. "Hata kwenye tangi la dizeli lazima amwingize." Na hapo akacheka, mpaka akalazimika kufuta macho kwa lile pindo la kanga, ambalo siku hiyo halikuwa na ufunguo.

Mzee Ndahani hakukubali kuishia hapo. Tulirudisha ngozi kama ilivyokuwa, tukafunga, tukaendesha kwa muda mrefu kuelekea Zuzu na kuipita, mpaka likazimika tena. Tukafungua, likavuta pumzi, likawaka. Ndipo akatoa msumari mfukoni, akatoboa ngozi katikati, tukaenda na kurudi, jua likiwa linatua, na halikukohoa hata mara moja. Kesho yake tukaweka raba mpya yenye tundu. Ngozi Lukasi aliitundika kwenye kioo cha mbele, na anayeuliza anaambiwa ni dawa. Watu wa vyuma chakavu walipokuja Jumamosi, Bi Zaituni aliwauzia kitanda kibovu cha chuma ili wasirudi mikono mitupu.

Tangu siku hiyo Mzee Ndahani aliongeza sheria, na sasa mnajua ilikotoka: lori linaloletwa kwa kuzimika, lijaribiwe kwanza kama lilivyokuja, ndipo lipimwe. Dereva apande pamoja nasi kama shahidi. Mkisikia mtu analalamika kwamba sheria hiyo inachelewesha kazi, mwelezeni habari ya ngozi.

Miaka mingine iliyofuata sitaisimulia yote, mkono umechoka. Nilishusha injini nyingi. Nilipata madole haya mnayoyaona. Mwaka huu mjomba wangu wa Gulwe alizeeka, akaniomba nikashike mashine yake ya kusaga na kukamua alizeti. Ni ya dizeli. Mzee Ndahani aliposikia alisema, "Huko ni kuhama chumba tu, nyumba ni ile ile." Hata hivyo mkaninunulia keki.

Siku ya kuondoka, aliyekuja kubeba vitu vyangu ni Lukasi, na kebini amekaa Bi Zaituni, kanga mbili, karibu na dirisha. Mlikuwepo. Mlipakia kitanda changu na sanduku la spana. Lukasi akashuka kuwaaga, na mnajua anavyoaga: alianza hadithi ya reli ya Gulwe, kwa sababu kuna wageni miongoni mwenu ambao hawajaisikia. Mkamzunguka. Mzee Ndahani akaondoa fimbo ukutani, akanipa, akarudi nyuma na kukunja mikono. Mama akanyoosha ufunguo dirishani.

Lukasi alikuwa ameshakuwa treni. Nilisimama nyuma yenu na fimbo yangu. Nikavuta pumzi kama lile tangi.

"Dereva! Njoo ushuhudie!"

Najua mlishtuka, maana muuza chipsi wa ng'ambo naye aligeuka. Treni ilikatika katikati. Lukasi alisimama mikono ikiwa hewani. "Kumbe Redio inashika stesheni!" akasema.

"Ilikuwa inashika siku zote," akasema Bi Zaituni kutoka juu. "Ninyi ndiyo mlikuwa na kelele."

Tukapima. Lukasi akaona, nikafunga, nikarudisha ufunguo kwa mama. Mzee Ndahani akanipa mkono, akagonga boneti mara moja, akasema, "Mbukwa," na sijui alikuwa anamsalimia nani kati yangu na lori.

Tulifika Gulwe mchana. Kwenye reli Lukasi alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaweka gia. Bi Zaituni alishika dashibodi. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakapanda, yakashuka. Injini ilivuka ikinguruma kwa sauti ile ile, na mama hakuiachia dashibodi mpaka reli ilipokuwa mbali nyuma, kwenye vumbi letu wenyewe.